Maji ya Siku Arobaini na Mbili

Samaki wa kwanza waliishi siku tatu.

Walikuja Jumatatu asubuhi, kumi na wawili, ndani ya debe lililofunikwa kwa gunia bichi, nyuma ya baiskeli ya Theonest. Theonest alikuwa mhudumu wa idara ya afya, upande wa malaria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Temeke na Kurasini akichungulia visima na mitaro, na palipokuwa na viluwiluwi vya mbu alitia samaki wadogo wa kijivu wanaovila. Watu walikuwa wakiwachota samaki hao na kuwatupa, wakidhani ni uchafu. Kwa hiyo idara ikaona heri watoto wa shule wawajue, na shule yetu ya wasichana ikapewa tangi la kioo: vioo vinne katika fremu ya chuma, vimezibwa kwa puti, la kuchukua madebe manne ya maji.

Nilikuwa na miezi minane tu katika kazi. Nilitoka chuo cha ualimu nikaletwa moja kwa moja Temeke, mbali na kwetu Bukoba, nikapewa darasa la sita kulifundisha habari za viumbe na afya. Mbele ya watoto niliweza kusema. Mbele ya watu wazima sauti yangu ilikwama, na mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Genoveva, alizoea kuniambia, "Jovina, sema na mimi, usiseme na viatu vyako."

Tangi tulilisugua mpaka likang'aa. Mchanga tuliuosha mara saba. Tukajaza maji ya bomba, meupe kama hewa, tukawatia samaki wote kumi na wawili, tukajivuna.

Alhamisi, kabla ya kengele, Chausiku Mwinshehe alisimama mlangoni pa chumba cha walimu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kushika mkono wake mmoja kwa mwingine anapotaka kusema jambo zito.

"Shikamoo mwalimu. Samaki wamelala."

"Wamelala vipi?"

"Ubavu."

Wote kumi na wawili. Darasani mtu mmoja nyuma akasema, "Haya, leo mboga ipo," na wenzake wakacheka. Chausiku hakucheka. Aliweka uso karibu na kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu.

Theonest alipopita Jumamosi alitikisa kichwa. "Dada Jovina, mmewaua kwa usafi."

"Kwa usafi?"

"Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo huwadhuru hata samaki. Hiyo moja. Ya pili, maji ni mapya. Hebu nyie wasichana niambieni: mtu akifungiwa chumbani, chakula humo, choo humo, dirisha hakuna, ataishi siku ngapi?"

Wasichana wakapiga kelele na kuziba pua. Chausiku akauliza, "Mbona kisimani hawafi? Choo chao si humo humo?"

Theonest akanitazama mimi. Hilo halikuwa swali lake tena, lilikuwa langu.

Na jibu nilikuwa nalo. Chuoni tulikariri somo la samadi: kitu kinachooza hutoa amonia, bakteria wa aina moja huila wakaifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu, bakteria wa aina ya pili huila nitriti wakaifanya nitrati, chakula cha mimea. Niliandika hayo katika mtihani, nikapata alama nzuri, nikayafunga. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu au samaki angeweza kufa kwa kukosa viumbe hao. Sasa nikachora ubaoni, nikawaambia kwamba kisima cha zamani kina wafanyakazi wasioonekana katika mchanga na mawe yake, na tangi letu halikuwa na hata mmoja. Tungewakaribisha, halafu tungengoja. Pengine wiki sita.

"Watakujaje?" akauliza Chausiku.

"Wanahitaji chakula. Tutaacha samaki wawili waliokufa humo humo waoze."

Alishika mkono wake. "Kwa hiyo waliokufa ndio watakaowapikia wanaokuja."

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo, kisha akawachagua wawili mwenyewe. Kumi waliobaki aliwazika kando ya ua wa shule.

Tulianza upya Jumatatu ya tarehe kumi na nne Februari, mwaka wa hamsini na tano. Maji ya bomba tuliyaacha katika madebe wazi siku tatu, klorini itoke, ndipo tukayamimina. Theonest alituletea mchanga kutoka tangi la zamani la idara, umefungwa katika gazeti. Jua lilikuwa kali na njia ndefu. Ulifika mkavu nusu.

"Nusu ya wafanyakazi wenu wamekufa njiani," akasema. "Mchanga huu ulitakiwa uje na maji yake. Kosa langu, dada."

Alituletea pia chupa mbili ndogo za maabara. Matone ya chupa ya kwanza yakikuta amonia, maji hugeuka manjano. Matone ya chupa ya pili yakikuta nitriti, maji hugeuka rangi ya waridi. "Chupa hizi aguse mwalimu peke yake," akasema, "nazo ni sumu vilevile."

Chausiku alitengeneza daftari la maji. Alipiga mistari kwa rula, safu mbili za vyumba vidogo, chumba kimoja kwa kila siku, juu cha manjano, chini cha waridi. Nilinunua penseli mbili za rangi katika duka la Mhindi. Ya manjano ilianza kufanya kazi siku ya nne. Ya waridi aliichonga vizuri, akaiweka pembeni mwa tangi, akawa anaitazama kila asubuhi kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala.

Siku ya kumi karatasi ya litmasi ilionyesha maji yameanza kuwa makali kama ndimu. Niliwaambia watoto kwamba chokaa hupunguza ukali huo. Kesho yake nilipokuwa nikipita langoni, mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma ya sinia la vitumbua akaniita.

"Wewe ndiye mwalimu wa samaki?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mie Mwanaasha, bibi yake Chausiku. Mjukuu wangu ameniibia chokaa yangu ya tambuu! Natafuta chokaa, chokaa hakuna, naambiwa imekwenda kulishwa samaki. Na samaki wenyewe hawapo! Sasa mie nitafune tambuu kavu kwa ajili ya maji matupu?"

Alikuwa akicheka, na meno yake mekundu yakaonekana yote. Nami nilicheka, nikatazama chini, nikamwomba radhi. Chokaa ile sikuitumia. Ingeyageuza maji ghafla mno. Tuliponda makome ya pwani tukayafukia mchangani, yayeyuke polepole. Chausiku aliirudisha chokaa nyumbani katika jani lake lile lile, hata chembe haikupungua.

Siku ya kumi na tano tulibaki sisi wawili baada ya masomo. Manjano ilikuwa imekolea, karibu na rangi ya chai. Akapaka chumba chake katika daftari, taratibu, bila kuvuka mstari.

"Mwalimu, nikimaliza darasa la nane, naweza kufanya kazi kama ya Theonest?"

"Unaweza kumpita. Unaweza kwenda shule ya Tabora, halafu chuo, ukawa wewe ndiye mwenye maabara."

"Baba amesema nitasoma mpaka mwalimu wangu mwenyewe aseme basi."

"Basi mimi sitasema," nikamwambia.

Akatabasamu, akaenda zake. Kesho yake hakuja.

Wala kesho kutwa yake hakuja. Siku ya tatu, Bibi Mwanaasha aliniambia langoni, kwa sauti ya chini, huku akigeuza kitumbua katika mafuta. "Mjukuu wangu amekua. Amewekwa ndani."

Nilikuwa nimekaa pwani muda wa kutosha kulielewa neno hilo. Msichana akivunja ungo hukaa ndani, hatoki, haonekani na watu wa nje, mpaka afundwe na kuozwa. Familia nyingine zilikuwa zikiwaruhusu binti zao kurudi shuleni baada ya siku chache. Nyingine hazikuruhusu. Nilisema, "Ahaa," nikaingia shuleni, na siku ile nilifundisha kwa makosa.

Mwalimu Genoveva alinipa shauri papo hapo. "Nenda nyumbani kwao ukamwombe baba yake. Yule Mwinshehe ni mnyapara wa makuli bandarini, mtu wa heshima. Wengine hukubali wakiombwa. Mwaka jana wawili walirudi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Maji yakikomaa," nikasema. "Nimpelekee samaki hai katika maji aliyoyatengeneza binti yake. Aone kwa macho."

Akasema, "Maji ni maji, Jovina."

Lakini sababu yangu ilionekana nzuri, nikaishika. Kuna nyingine ambayo sikumwambia. Kwetu nilikuzwa kwamba binti hapiti uani kwa watu asikoitwa, sembuse kwenda kusema na mwanamume mtu mzima habari za nyumba yake. Nilingoja niitwe. Nilijiambia kwamba Mzee Mwinshehe akitaka rai ya mwalimu atatuma mtu, nami nitakwenda mbio. Kila usiku niliyapanga maneno yangu kitandani, yakapangika vizuri, na kila asubuhi yalikuwa yametawanyika.

Siku ya kumi na tisa manjano ilianza kufifia, na siku hiyo hiyo maji ya chupa ya pili yakageuka waridi. Kwanza kidogo sana, kama mtu aliyeona haya. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilishika ile penseli iliyochongwa na Chausiku, nikapaka chumba cha kwanza.

Langoni Bibi Mwanaasha akaniuliza kabla sijamwamkia, "Mtoto anauliza, maji yamefika rangi gani?"

"Waridi, bibi. Mwambie waridi imetokea."

"Nitamwambia." Akafunga vitumbua vya mteja katika gazeti. "Nyumba yetu ile pale, mwalimu. Penye mlango wa buluu. Hata anayepita tu huiona."

"Ndiyo bibi, naiona," nikasema, nikaenda zangu.

Ikawa desturi. Kila siku aliniuliza rangi, nami nilimjibu. Waridi imezidi. Waridi imekolea kama juisi ya rozela. Manjano imekwisha kabisa, bibi, imebaki waridi. Naye kila siku aliongeza jambo moja dogo, nami nililipokea kama mazungumzo ya mama mzee anayeuza vitumbua.

"Babake Jumapili haendi bandarini. Hushinda nyumbani, amekaa tu barazani."

"Apumzike, bibi. Kazi yao nzito."

Siku nyingine: "Jana tumefagia mpaka nje. Mie nikasema, labda mgeni atapita."

"Alikuja?"

Alinitazama, akatia unga mwingine kikaangoni. "Hakuja."

Siku nyingine, ilikuwa siku ya thelathini na mbili: "Wamekuja watu kutoka Kibamba. Watu wazuri, wana mashamba ya mihogo na minazi. Wametaka kumposa. Babake amesema atafikiri. Anafikiri sana siku hizi, hata chakula hali vizuri."

Nilisema, "Bibi, asimwoze! Bado mdogo." Nililisema kwa nguvu, hata mteja aliyekuwa akila akageuka.

"Mie ni bibi tu, mwanangu," akasema Bibi Mwanaasha. "Maneno hayo yana mwenyewe wa kuambiwa."

Siku ile nilikwenda mpaka karibu na mlango wa buluu. Nilisimama ng'ambo ya njia. Barazani palikuwa na wanaume wanne na buli la kahawa. Nikaona nimevaa gauni lenye doa la chaki. Nikajiambia siku zimebaki chache, waridi imeanza kushuka, nikienda sasa mikono mitupu nitaharibu. Nikarudi. Yule aliyekaa mwisho wa mkeka aliinua macho, akanitazama mpaka nilipokata kona. Baadaye nilijua kwamba ndiye alikuwa Mwinshehe.

Siku ya thelathini na nane, Jumatano, nilipima asubuhi na mapema. Chupa ya kwanza: maji meupe. Chupa ya pili: maji meupe. Nikapima tena, kwa kutokuamini. Meupe. Litmasi haikuwa nyekundu wala buluu. Theonest alileta samaki wanne tu, nasi tukawazoesha kwanza, kopo lao likielea juu ya tangi na kuongezwa maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, kisha tukawaachia. Wakatawanyika, wakaanza kuokota vitu mchangani kama kuku.

"Haya dada, maji yameiva," akasema Theonest. "Sasa nenda kwa watu wako."

"Wale wa kwanza walikufa siku ya tatu," nikasema. "Nikimpelekea samaki leo, wakafa mkononi mwake kesho kutwa, atasemaje? Acha nione siku nne."

Theonest alikuna shingo. Hakunibishia; alikuwa mtu wa samaki, na kwa samaki maneno yangu yalikuwa sawa.

Alhamisi Bibi Mwanaasha hakuwepo langoni. Wala Ijumaa. Niliona afadhali, nitamkuta nyumbani.

Jumapili baada ya misa nilivaa gauni langu la buluu bahari, nikatia samaki wawili katika chupa ya jamu iliyojaa maji ya tangi, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa, nikachukua na daftari. Siku ya arobaini na mbili. Samaki walikuwa wazima, na tumbo la jike mmoja lilikuwa limeanza kujaa. Maneno yangu yote nilikuwa nayo. Njiani niliyasema kwa sauti.

Nikabisha hodi kwenye mlango wa buluu.

Uani wanawake walikuwa wakitwanga, wengine wakichambua mchele katika nyungo kubwa, mchele mwingi kuliko wa nyumba moja. Mzee Mwinshehe aliinuka barazani, akanipisha kiti, akaagiza kahawa. Nilimwamkia nikapiga goti kama kwetu, na hilo lilimshangaza, akaniinua kwa maneno. "Karibu mwalimu, karibu. Simama, kaa kitini. Hapa ni kwako."

Nikasema yote. Kwamba binti yake ana akili ambayo sijaona kwa mtoto mwingine. Kwamba maji yale ni kazi yake, na ramani yake hii hapa katika daftari. Kwamba akimaliza darasa la nane anaweza kwenda Tabora, na akirudi atakuwa mtu wa kuheshimika, na nyumba yake pia. Sauti haikukwama hata mara moja. Nikaiweka chupa mbele yake.

Akaishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga. Aliitazama muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vinene, vyenye makovu ya kamba.

"Maneno mazuri haya," akasema. "Nimeyangoja, mwalimu."

Sikumwelewa.

"Siku ile mtoto alipoingia ndani nilimwambia mama yangu, mwalimu wake atakuja. Mtu akipotelewa na mbuzi hupita nyumba kwa nyumba akiuliza. Nikakaa barazani Jumapili ya kwanza. Ya pili. Watu wa Kibamba wakaja, nikawaambia ngojeni. Mama kila jioni namwuliza, mwalimu kasemaje? Ananiambia, kasema waridi." Akaiweka chupa chini, taratibu sana, kana kwamba samaki wangeamka. "Mie nilimwahidi mwanangu atasoma mpaka mwalimu aseme basi. Kunyamaza nako ni kusema. Nikasema, kumbe huko shuleni mwanangu hakuwa kitu, nami nilikuwa nikijidanganya. Alhamisi nimewapa watu wa Kibamba mkono. Harusi kabla ya mfungo wa Ramadhani."

"Mzee," nikasema, "mimi nilikuwa nangoja niitwe."

"Uitwe?" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, nani anamwita mgeni? Mgeni hubisha hodi tu."

"Huwezi kuwaambia... huwezi..."

"Nimeshawapa mkono, mwanangu. Mbele ya watu. Ungekuja Jumatano, ningeweza."

Jumatano. Sikumwambia habari ya zile siku nne. Nilitazama vidole vyangu. Kimoja kilikuwa na alama ya penseli ya waridi.

Bibi Mwanaasha alitoka ndani, akanirudishia chupa na daftari, akanishika kiwiko. Hakuwa na lawama usoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. "Njoo umwone," akasema. "Wewe ni mwanamke, unaruhusiwa. Na amekuwa akihesabu."

Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililofungwa. Chausiku alikaa mkekani, amepakwa liwa ya msandali, ngozi yake imekuwa laini na nyeupe kidogo kwa kukosa jua. Ukutani, chini, karibu na mkeka, palikuwa na mistari ya mkaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Chausiku."

"Leo arobaini na mbili. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Waridi imekwisha?"

Nilimpa daftari. Alilisogeza karibu na ufa wa dirisha. Alianza na vyumba vyake vya manjano, akavipita haraka, akafika kwenye waridi. Akapitisha kidole juu yake, chumba kwa chumba, kutoka ile hafifu hadi ile iliyokolea, na kurudi hadi kwenye vyumba vitupu.

"Ilikuwa hivi? Sawasawa hivi?"

"Kidogo ilikuwa nzuri zaidi. Penseli haikuweza."

"Mwalimu," akasema, akainama zaidi, "umevuka mstari hapa. Na hapa."

"Mkono wangu si mzuri kama wako."

Akacheka kidogo. Kisha akaiona chupa ya jamu mkononi mwangu, akaipokea kwa mikono yote miwili. Samaki wakazunguka kati ya viganja vyake. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye, hata leso nilikuwa nayo. Lakini yeye alikuwa amekunja uso akifikiri.

"Wasikae humu, mwalimu. Maji ni machache, na humu hamna mchanga. Watajichafulia upesi. Warudishe leo leo."

"Nimewaleta wewe uwaone."

"Nimewaona." Akanirudishia chupa. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama, "Huko Kibamba wana kisima kilichojengewa kwa saruji. Kipya, kimechimbwa mwaka jana. Bibi ameambiwa kina viluwiluwi vingi. Unaweza kunipa mchanga wa tangi letu? Kopo moja tu. Uje na maji yake, usikauke kama ule wa Theonest."

"Nitakupa."

"Na samaki baadaye. Mchanga kwanza. Nitangoja mpaka wiki sita."

"Chausiku, mimi ningepaswa..."

Akashika mkono wake mmoja kwa mwingine. Lakini hakusema lile nililoliogopa. Alisema, "Usipime kila siku. Chupa zitakwisha. Pima Jumatatu na Alhamisi."

Nilirudisha samaki tangini kabla ya saa sita. Jumatatu nilichota mchanga kutoka chini, karibu na makome, ambako ulikuwa na utando wa kahawia, nikaujaza katika kopo la mafuta ya Kimbo, nikaongeza maji ya tangi mpaka ukingoni, nikampelekea Bibi Mwanaasha mwenyewe, mkononi. Harusi ilikuwa wiki ya pili ya Aprili. Sikualikwa rasmi, nikaenda. Nilisimama na wanawake uani, nikabeba sahani. Alipotolewa amefunikwa sikuona uso wake, lakini nyuma ya gari, kati ya masanduku na vikapu vya vyombo, kulikuwa na mtu aliyepakata kopo kwa uangalifu, asilimwage.

Mwezi wa Juni msichana mwingine wa darasa lile hakuja siku mbili. Sikungoja kengele. Nilitoka na chaki mkononi, nikavuka njia, nikabisha hodi kwa nguvu hata mbwa wa jirani akabweka, nikamwambia baba yake, mtu aliyekuwa bado anapiga mswaki, kwamba mwanawe lazima arudi shuleni. Akanitazama na povu mdomoni. Mtoto alikuwa na surua.

Habari ikafika langoni kabla yangu. Bibi Mwanaasha alikuwa amekaa pale pale nyuma ya sinia.

"Nimesikia umevunja mlango wa watu," akasema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Alicheka kidogo, kisha cheko likamwisha, akapangusa mikono. "Ndiyo vizuri. Ndivyo inavyotakiwa, mwanangu."

Akanifungia vitumbua viwili, akakataa senti zangu. Nilisimama. Nilikuwa nikingoja aniulize, maana siku zile zote mdomo wake ulikuwa umezoea swali moja, na masikio yangu nayo. Alifunika sinia kwa kawa, inzi wasitue.

"Kutoka Kibamba hakuna habari?" nikauliza mimi.

"Wazima. Ana mimba, hawezi kula." Akaisawazisha kawa. "Kopo lile mama mkwe alilimwaga siku ya kwanza. Aliona ni tope. Mtoto hakusema neno. Alikuwa bibi harusi, angesemaje?"

Kengele ikalia. Ilikuwa Alhamisi. Niliingia darasani, nikachukua chupa ya kwanza, halafu ya pili. Maji yalikuwa meupe. Nikalifungua daftari na kukiacha chumba wazi, ndani ya mistari yake.